Walinzi Wawili

Kompyuta ilizimika tena, na safari hii ilizimika Rula akiwa ameinua vidole viwili.

Mama alibaki anaikodolea macho skrini nyeusi. Ndani yake alijiona mwenyewe, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, mdomo wazi katikati ya neno. Alikuwa anasema, "Wapo, wote wawili wapo, wametoka tu kidogo," na hakujua mumewe alisikia kipande gani cha uongo huo na kipande gani kilikatika. Baada ya muda mashine ikajiwasha yenyewe, ikatoa maandishi meupe juu ya buluu, ikaomba radhi kwamba imepata hitilafu. Hitilafu gani, haikusema. Au labda ilisema, kwa mlolongo wa herufi na namba usiomhusu mtu mwenye shida ya kweli.

Mumewe aliitwa Rula na kila mtu, hata na yeye mwenyewe. Maisha yake yote alichora ramani za nyumba, na rula yake ya chuma haikumtoka mfukoni hata siku ya sherehe. Sasa alikuwa amelazwa katika hospitali ya mji mwingine, safari ya kutwa na kucha kwa basi, na Mama aliyevunjika nyonga hakuweza kukaa kwenye basi hata la kwenda sokoni. Madaktari walikuwa wamempasua koo kuondoa uvimbe, na sauti ikaenda na uvimbe. Kumpigia simu ya kawaida ilikuwa kusikiliza pumzi. Maneno yake yote yalikuwa yamehamia kwenye mikono na uso, na ili uyapate ilikuwa lazima umwone.

Macho ya Mama nayo yalikuwa na ukungu. Kwenye simu ndogo, uso wa mumewe ulikuwa doa tu. Lakini ile skrini pana, aliyoinunua Rula ili aone vizuri mistari ya ramani zake, ilimrudishia mumewe mzima, pamoja na makunyanzi. Kila alasiri, saa ya kuona wagonjwa, nesi mmoja mwenye roho nzuri alimsogezea Rula tableti, na Mama akajipamba kama anayetoka.

Vidole viwili vilivyoshikamana vilikuwa na maana moja tu: watoto wangu wako pamoja? Operesheni ya pili ilikuwa inakaribia, na Rula hakuomba kingine. Alitaka kuwaona watoto wake wawili kwenye picha moja, wamekaa kwenye meza yake ya kuchorea. Watoto hao hawakuwa wamesemeshana tangu operesheni ya kwanza. Rula hakuambiwa. Labda alijua, na ndiyo maana hakuchoka kuuliza.


Wa kwanza kuja kuitazama mashine alikuwa mtoto wa kiume, fundi wa viyoyozi, ambaye kwa kazi yake hiyo walimbandika jina la Kipupwe. Kabla hajafika, Mama aliufanyia usafi uso wa kompyuta. Alichukua alama ndogo ya ngao ya kijani, akaiburuta mpaka ndani ya folda lililojaa ramani za zamani, akaliacha wazi peke yake lile kufuli jekundu. Ngao ilikuwa ya binti yake. Kufuli lilikuwa la Kipupwe.

Mambo hayo yalianza siku tapeli mmoja alipomwandikia Mama akijifanya mhasibu wa hospitali. Nusura amlize pesa zake. Habari zilipowafikia watoto, kila mmoja alikuja mbio kwa wakati wake, kila mmoja akaweka kwenye kompyuta antivairasi yake, na kila mmoja akaifunga kwa neno la siri, akisema, "Mama, hii asiiguse mtu." Wote wawili walijua mtu huyo ni nani. Mama aliitikia huku na huku. Tangu hapo, kila asubuhi, kufuli lilimletea kijikaratasi pembeni mwa skrini kikisema kuna programu nyingine ya ulinzi, iondolewe? Ngao nayo ilileta cha kwake. Palikuwa na vitufe viwili, "Ondoa" na "Baadaye". Mama alibonyeza "Baadaye" kabla hata ya kunywa chai.

"Joto hilo, mama," Kipupwe alisema akiwa amepiga magoti, bisibisi mdomoni. "Mashine yoyote ikijizimia, tafuta joto kwanza."

Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, akaipaka feni mafuta, akaweka muziki ukapiga mchana kutwa bila kukatika. Akajipangusa mikono ameridhika.

"Na yule alisemaje?"

"Yule nani?"

"Mama, bwana."

"Ana jina. Dada yako."

"Haya, Dokta wako alisemaje?"

"Alisema umeme."

Kipupwe akacheka kwa pua. "Anauza panadoli, leo amekuwa fundi wa umeme."

Dokta hakuwa daktari. Alikuwa mfamasia, ila nyumbani walimpandisha cheo tangu utotoni kwa sababu ya kupenda kuwapima wenzake homa. Alikuja siku iliyofuata, anatweta, amekumbatia stabilaiza nzito ya chuma ya kutuliza umeme. Kufuli jekundu lilikuwa limeshalala kwenye folda, na ngao ya kijani iko mahali pake inang'aa.

"Umeme wa mtaa huu unapanda na kushuka unavyotaka," alisema akichomeka nyaya. "Na yeye kasemaje?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo, mama."

"Kaka yako alisema joto."

"Kwake yeye kila kitu ni joto. Mtu akifiwa, atamwambia afungue dirisha."

Mama alicheka, kwa sababu lilichekesha, kisha akajisikia vibaya. Alasiri ile picha ilikuja safi. Rula alikuwa amenyolewa ndevu. Mkono wake ukaanza kupanda kutoka kwenye shuka, na kabla haujafika kifuani skrini ikawa nyeusi.


Jirani mwenye gari alimfikisha Mama na mashine yake kwa fundi wa kompyuta na kumwacha hapo na fimbo yake. Kibanda kilikuwa kimejaa mashine zilizotumbuliwa matumbo. Fundi alikuwa na vipokea sauti masikioni, na alipoinua macho aliangalia nyuma ya Mama, akitafuta mwenye shida.

"Mjukuu wako yuko wapi, bibi? Nani anaitumia hii?"

"Mimi."

"Kwa kazi gani?"

"Kumwona mume wangu."

Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri simu yake akaangua kicheko. "Kumbe bwana yumo humo ndani! Fundi, fungua taratibu usimtoboe." Watu wakacheka. Mama naye akacheka nao, maana mtu mzima akichekwa hana pa kuweka uso. Hakuna aliyempa kiti mpaka mteja yule alipoondoka na kukiacha wazi.

Fundi aliijaribu mashine kwa muda mrefu. Aliipima umeme, akabadilisha kadi ya kumbukumbu, akafungua programu za kuchorea zenye kula nguvu. Mashine ilitulia tuli.

"Bibi, haina ugonjwa. Nadhani kuna kitu unabonyeza."

Mama aligusa kibodi. Miaka mingi ndiye aliyeandika maneno yote kwenye ramani za Rula, jiko, ukumbi, choo, kwa kibodi ileile. "Fungua kamera," alisema.

"Kamera ya nini?"

"Wewe fungua tu, baba."

Fundi akafungua. Taa ndogo ya kijani ikawaka juu ya skrini, ikapepesa, na mashine nzima ikazimika kwa sauti ya kukata pumzi. Hapo fundi akavua vipokea sauti.

Aliiwasha upya kwa namna ya kuipunguzia mzigo, programu za pembeni zote zikiwa zimelala. Kamera ikafanya kazi. Akaanza kuziamsha programu moja baada ya nyingine, akifungua kamera kila mara, mpaka ikazimika tena. Akajikuna shingo.

"Una antivairasi mbili humu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa hiyo ndiyo shida yako. Kila moja imeweka draiva yake, yaani kijiprogramu kinachokaa huko chini kabisa, katikati ya kompyuta na kamera. Ukifungua kamera, huyu anaidaka aikague. Yule naye anaidaka aikague. Hakuna anayetaka kumwachia mwenzake. Kompyuta ikiona imebanwa huko chini, inajizima isije ikaharibika."

"Kwa hiyo hakuna mbovu hapo."

"Hakuna. Zote nzima, zote zinakulinda. Ila haziwezi kukaa nyumba moja."

Mama aliangalia mikono yake. Katika yote aliyoyafikiria usiku na mchana, vumbi, umeme, uzee wa mashine, hili hakulifikiria, na mara tu aliposikia aliona alipaswa kulijua kabla ya fundi.

"Tutoe moja," fundi akasema. "Ipi?"

"Wewe unaonaje?"

"Yoyote, bibi. Kwangu sawa tu. Ila zimefungwa kwa neno la siri, hii na hii. Nani aliziweka?"

"Wanangu."

"Basi mpigie mmoja simu akutajie. Ni jambo la dakika mbili."

Mama alitoa simu kwenye mkoba. Akiipiga kwa Kipupwe, Kipupwe atajua kwamba ya kwake ndiyo iliyotolewa na ya dada yake imebaki. Akiipiga kwa Dokta, vilevile. Kidole kilizunguka juu ya vitufe, kikachoka. Akairudisha simu mkobani.

"Nifungie mashine yangu, mwanangu."

"Bila kutengeneza?"

"Nitawaita wenyewe. Wote."

Fundi akamtazama kama mtu aliyekataa maji na huku ana kiu. Kisha akaifunga mashine, na akambebea mpaka kwenye gari bila kuombwa.


Aliwaita kesho yake alasiri, na hakumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja. Alipanga viti vitatu mbele ya meza ya kuchorea. Walikutana getini, wakaingia wakifuatana kama watu wasiojuana waliopanda ngazi moja.

"Hukuniambia," alisema Kipupwe.

"Ningekuambia ungekuja?"

Mama aliwaeleza maneno ya fundi. Alieleza vizuri, na alijua anaelewa anachosema, lakini kadiri alivyoendelea aliona nyuso zao zinafungwa. "Mmoja atoe ya kwake," alimaliza. "Baba yenu anasubiri. Anataka kuwaona hapa, wote wawili, basi."

"Atoe yeye," Kipupwe alisema. "Yangu ilitangulia."

"Yangu nimeilipia. Ya kwake ya bure, kaiokota sijui wapi."

"Msikie. Siku zote ya kwake ndiyo bora, wengine wafyate."

"Nimesema antivairasi, sijasema kingine."

"Mimi ndiyo nasema kingine. Uliwapigia madaktari ukawaambia mkateni. Mzee alikuwa anaongea! Kwa shida, sawa, lakini alikuwa anaongea. Hukumpa hata nafasi ya kuniaga kwa mdomo wake."

"Ulitaka nimwache afe akiongea?"

"Nilitaka nipigiwe simu!"

Dokta alimtazama mama yake. Alimtazama muda mrefu, na Mama akainamisha macho kwenye kibodi. Hilo Kipupwe hakuliona, kwa sababu alikuwa ameshachukua kofia yake ya pikipiki na kutoka.

Simu ya Dokta ikalia. Aliyepiga alikuwa nesi. Mzee ameshakalishwa, alisema, amevishwa shati, kompyuta ya nyumbani haipokei, ana wasiwasi. Dokta akafuta macho kwa kiganja, akaiinua simu mbele yao. Mama hakuona ila lile doa. Lakini Dokta alimwona baba yake vizuri, alivyokonda, na jinsi macho yake yalivyompita yeye na mama yake yakatafuta pembeni. Kisha vidole viwili vikapanda.

"Yuko njiani, baba," Dokta alisema. Bila kufikiri aliigeuza simu ionyeshe kiti kilichowekwa tayari, kitupu. Wakati huohuo, nje ya dirisha, pikipiki ikawashwa na kuondoka kwa hasira.

Rula alikuwa amepoteza sauti, hakupoteza masikio. Alishusha vidole taratibu, akaviweka juu ya shuka, akafumba macho ili wamdhanie amechoka.

Simu ilipokatika, Dokta hakuinuka.

"Mwambie, mama. Mimi nimechoka kubeba."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baadaye," Mama akasema.


Asubuhi hospitali ilipiga. Damu ilikuwa imemtoka Rula kwa wingi alfajiri, wamemwingiza chumba cha operesheni kwa haraka, ametoka lakini hajazinduka. Daktari alisema wanaoweza kumwona wamwone leo. Mama aliliuliza neno "leo" mara mbili. Basi la leo lingefika kesho.

Aliwapigia wote wawili, akawaambia sentensi moja. Kipupwe alifika na ovaroli la kazi, Dokta na koti jeupe la famasia. Kipupwe alikaa mbele ya kompyuta, akaitafuta programu yake, akaandika neno la siri, akaiondoa. Kisha akasimama, akakisogeza kiti. Dokta akakaa, akaiondoa ya kwake. Kuondoa moja kungetosha. Wote walilijua hilo.

Mashine ikaomba izimwe na kuwashwa upya. Ilikuwa ya zamani, na kuwaka kwake kulikuwa na taratibu zake. Mama alisimama kati ya viti akiegemea fimbo.

"Sahihi ya ile operesheni niliweka mimi," alisema.

Kipupwe hakugeuka.

"Walitutumia karatasi hapa nyumbani. Dokta alisema tukupigie kwanza. Mimi nikakataa, nilijua utasema hapana, na nikikusikia unasema hapana nitashindwa. Baba yenu alikuwa ananitazama tu kwenye skrini hii, anaogopa. Nikatia sahihi. Halafu ukamwangukia dada yako, na mimi nikanyamaza."

Feni ya kompyuta ilivuma. Kipupwe akamgeukia dada yake. Uso wake ulikuwa wa mtoto.

"Ulijua siku zote?"

"Nilikuwepo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungemnunia nani? Mama? Ungeacha kuja hapa." Dokta alikuwa anaongea na kipanya. "Bora uninunie mimi, uje kumwona yeye."

Kipupwe akavuta kiti cha pili, akakaa karibu naye.

Picha ikaja. Taa ya kijani ikawaka juu ya skrini, na wote watatu waliiangalia hiyo kabla ya kuangalia kingine. Haikupepesa. Sauti ya nesi ilitoka chini sana, akisema amemwelekeza kwao. Rula alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, mirija miwili imepita shavuni. Mama hakuwahi kumwona kwa uwazi ule tangu aondoke nyumbani.

"Anasikia?" Dokta aliuliza.

"Hatujui. Ongeeni naye tu."

Mama akainama mbele ya kamera. "Baba Dokta, wapo. Wote wawili wapo."

Alilisema kwa sauti ileile aliyokuwa akisemea uongo, maana hakuwa na nyingine. Alijisikia mwenyewe. Kama Rula alisikia, angeitofautisha vipi leo na siku zile zote? Akamshika mwanawe bega, akalibana.

"Sema wewe. Mimi hataniamini."

"Baba," Kipupwe alisema. Akakohoa. "Baba, ni mimi. Nipo hapa na Dokta. Jana nilikuwepo pia, ila... nilikuwepo."

"Sogea," Dokta akamwambia huku analia. "Kichwa chako kinatoka kwenye picha."

"Wewe ndiye umekaa upande."

"Sogea, bwana."

Akasogea mpaka mabega yakagusana. Nyuma yao Mama aliinua mkono, vidole viwili vimeshikamana, akavileta karibu na kamera. Alivishikilia hapo mpaka mkono ukachoka, macho yake yakiwa kwenye mkono wa mumewe juu ya shuka. Aliuona mshipa wa nyuma ya kiganja. Aliiona kucha iliyokuwa na alama ya rula tangu ujanani. Picha ilikuwa safi, na mkono ule haukuinuka.

Baada ya muda mrefu nesi alisema kwa upole kwamba inabidi wampishe daktari, wao wafunge tu. Dokta akashika kipanya, akakiachia. Kipupwe naye akakishika, akakiachia. Wakakaa hivyo, watatu mezani, wakingoja kompyuta izimike yenyewe kama ilivyozoea, na haikuzimika.